Barua ya madai imekuja, au mtu wa madeni anabisha hodi: mwongozo kamili kabla hujalipa chochote

Barua ya kwanza ya aina hii kunifikia ilikuja ndani ya bahasha yenye kidirisha cha plastiki. Jina lilikuwa langu, ila ubini umekosewa herufi mbili. Juu ya karatasi, kwa wino mwekundu: TAARIFA YA MWISHO. Ya kwanza sikuwahi kuiona, wala ya pili. Chini kulikuwa na kiasi, siku saba za kulipa, na namba ya simu iliyokolezwa kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa ule.

Nisidanganye, nilikaribia kulipa. Aibu ilinishika kabla sijajiuliza kama nadaiwa kweli. Nilishaanza kupiga hesabu nitazipata wapi hizo hela, na sikuwahi kukopa popote kwa jina lile. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba anayetafutwa ni mtu mwingine kabisa ambaye majina yetu yanakaribiana.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na sina ugomvi nao. Ila dawa hupewa mgonjwa akishapimwa. Kilichomo ndani ya bahasha ni dai, na mwenye kazi ya kuthibitisha dai ni yule anayedai. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo moja.

Hatua ya kwanza: soma, usipige simu

Namba ya simu imekolezwa kwa sababu simu ni uwanja wa nyumbani wa mkusanya madeni. Yeye anazungumza na watu kama wewe tangu asubuhi. Wewe ndiyo kwanza umefungua bahasha na moyo unadunda. Kwenye simu utasema "ndiyo, najua, nitajitahidi mwisho wa mwezi", na maneno hayo yataandikwa kwenye faili lako kama kukiri deni. Kwa hiyo acha simu chini.

Chukua kalamu. Juu ya bahasha andika tarehe uliyoipokea, na bahasha yenyewe usiitupe, kwa sababu mhuri wa posta unaweza kukusaidia kama watadai waliituma mwezi mmoja kabla. Kisha tafuta ndani ya barua: nani ameandika, anadai kwa niaba ya nani, mkopo ulitoka wapi na lini, namba ya akaunti au ya kumbukumbu, kiasi cha awali ni kipi na kilichoongezwa ni riba, adhabu au gharama. Barua nyingi zina jumla tu. Jumla bila mchanganuo haikuambii kitu, na hiyo pekee ni sababu halali ya kuuliza.

Halafu jiulize hii ni karatasi ya aina gani, maana zote hufanana kwa ukali lakini uzito haulingani. Barua ya wakala wa kukusanya madeni ni ombi la malipo lililovaa suti. Notisi ya wakili imepanda ngazi moja: inakuambia mteja wake anafikiria kwenda mahakamani, na inastahili jibu ndani ya muda uliotajwa. England na Wales, kwa mfano, mfanyabiashara anayetaka kumshtaki mtu binafsi kwa deni hutakiwa kwanza kumtumia barua ya kusudio la kushtaki na kumpa siku 30 za kujibu.

Karatasi ya tatu ni ya mahakama. Ina jina la mahakama, namba ya kesi, majina ya wadaawa, yaani anayeshtaki na anayeshtakiwa, tarehe ya kufika au ya kuwasilisha majibu, na kwa kawaida mhuri. Hii haiwekwi kabatini hata siku moja. Ukiipuuza, kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja na hukumu ikatoka dhidi yako hata kama hukuwahi kukopa senti ya mtu. Kwa kuwa matapeli nao hughushi samansi, nenda au piga simu masjala ya mahakama iliyotajwa, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uwape namba ya kesi. Ikiwa ipo, tafuta msaada wa kisheria siku hiyo hiyo na ujibu kwa wakati. Mengine yote ya mwongozo huu yanaweza kusubiri kesho, hili haliwezi.

Hatua ya pili: huyu anayeandika yupo kweli?

Usitumie simu, barua pepe wala kiungo kilichomo ndani ya barua ile ile unayoichunguza. Tafuta kampuni kwenye daftari la makampuni la nchi, au kwenye orodha ya mamlaka inayotoa leseni za kukusanya madeni kama ipo, kisha wasiliana nao kwa njia uliyoipata huko. Kama mkopeshaji ametajwa, muulize yeye: je, deni hili lipo, na je, mmelikabidhi kwa hawa?

Dalili za utapeli hazijifichi sana ukitulia. Wanataka malipo leo kabla ya saa kumi. Wanataka pesa ziende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, au kwa kadi za zawadi. Hawataki kusema mkopo ulitoka wapi, na ukiuliza wanakuwa wakali. Wanataja polisi na kukamatwa katika sentensi ya kwanza. Wakati mwingine wanazo taarifa zako sahihi kabisa, jina, anwani, hata namba ya kitambulisho. Hilo lisikutishe wala lisikushawishi, maana taarifa huvuja, na kujua namba yako si ushahidi kwamba unadaiwa.

Hatua ya tatu: deni ni lako?

Pitia taarifa zako za benki, meseji za zamani za mikopo, mikataba, na risiti. Omba ripoti yako kwenye taasisi ya kumbukumbu za mikopo kama nchi unayoishi inayo. Majibu yanayowezekana ni mengi kuliko ndiyo na hapana.

Huenda ni la mtu mliyefanana majina, kama yangu, au la mpangaji aliyekaa hapo kabla yako. Huenda ulishalipa, na rekodi haikusahihishwa. Huenda ni lako lakini kiasi kimevimba. Huenda uliweka saini ya udhamini miaka mingi nyuma, ukasahau. Hapo una jambo zito, kwa sababu mdhamini hudaiwa kama mkopaji mwenyewe anaposhindwa. Huenda mtu alitumia kitambulisho chako kukopa. Ikiwa ndivyo, ripoti polisi upate namba ya taarifa, kisha umpelekee mkopeshaji nakala.

Barua ikihusu ndugu aliyefariki, elewa kwamba madeni ya marehemu kwa kawaida hulipwa kutoka kwenye mali aliyoacha, kupitia msimamizi wa mirathi. Mtoto au mjane halazimiki kulipa kutoka mfukoni mwake kwa sababu tu ni ndugu, isipokuwa alikopa pamoja na marehemu, alimdhamini, au sheria za ndoa za mahali hapo zinamgusa. Wakusanyaji hupenda kupiga simu wiki ya msiba, na familia hulipa ili kusitiri jina la marehemu. Mwambie aliyepiga aandike kwa msimamizi wa mirathi, basi.

Hatua ya nne: andika, na chagua maneno

Hapa ndipo pa kutulia zaidi. Watu wengi huharibu mambo yao kwa barua nzuri yenye moyo safi: "Samahani kwa kuchelewa, nilipata matatizo, nitalipa kidogo kidogo." Sentensi hiyo imekubali kila kitu, kiasi, mdai na tarehe, kabla hujaona karatasi hata moja.

Kuna mtego mwingine ndani yake. Nchi nyingi zina ukomo wa muda wa kupeleka madai ya deni mahakamani. Kwa deni la kawaida la mkataba ni miaka 6 Kenya, Tanzania, na vilevile England na Wales. Scotland ni miaka 5. Marekani hutegemea jimbo. Muda huanza kuhesabiwa kwa kawaida pale uliposhindwa kulipa ilipotakiwa. Sasa, katika nchi nyingi, ukikiri deni kwa maandishi au ukilipa sehemu yake kabla muda haujaisha, saa inarudi sifuri na hesabu inaanza upya. Ndiyo maana mkusanyaji wa deni la zamani anaweza kukubembeleza ulipe "hata kidogo tu, kuonyesha nia njema". Hicho kidogo kinaweza kumnunulia miaka 6 mingine. Hukumu ya mahakama ikishatoka, hesabu ni nyingine na muda huwa mrefu zaidi.

Barua ya kujibu iwe fupi. Hii inatosha:

"Rejea: barua yenu ya tarehe …, kumbukumbu namba …

Nimepokea barua iliyotajwa hapo juu. Sitambui deni hili. Tafadhali nitumieni kwa maandishi: jina la mkopeshaji wa awali, nakala ya mkataba unaodaiwa kuwa wangu, mchanganuo wa kiasi mnachodai, ukionyesha mkopo wa awali, malipo yaliyopokelewa, riba na gharama, tarehe ya malipo ya mwisho, na hati inayoonyesha kwamba mna mamlaka ya kudai deni hili.

Hadi nitakapopokea nyaraka hizo, naomba msinipigie simu wala kufika nyumbani au kazini kwangu. Mawasiliano yote yawe kwa maandishi kwa anwani hii.

Barua hii si kukiri deni."

Usiongeze historia ya maisha yako, wala usiweke nakala ya kitambulisho ambayo hawakuwa nayo. Itume kwa rejesta au kwa barua pepe yenye rekodi, baki na nakala na risiti ya posta. Marekani, sheria ya mwaka 1977 ya ukusanyaji wa madeni inakupa siku 30 tangu upokee taarifa rasmi ya deni. Ukilipinga kwa maandishi ndani ya siku hizo, mkusanyaji lazima asimame hadi akutumie uthibitisho. Kwingine muda hautajwi waziwazi, lakini kuwahi hakujawahi kumdhuru mtu.

Kwa nini kudai nyaraka kunafanya kazi? Madeni huuzwa kwa jumla, kama mitumba kwenye robota. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipochunguza biashara hii na kutoa ripoti mwaka 2013, ilikuta wanunuzi wa madeni walilipa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni, na mara nyingi walipokea orodha ya majina na namba bila mikataba yenyewe. Kwa hiyo anayekuandikia kwa ukali huenda mkononi ana mstari mmoja tu wa jedwali. Ukimwomba mkataba, ama anautafuta, ama anahamia kwa mtu mwingine kwenye orodha.

Hatua ya tano: wamefika mlangoni

"Hodi! Mwenye nyumba yupo?"

"Nani mwenzangu?"

"Tumetoka ofisini. Ni lile suala la deni."

Ofisi gani, hawasemi. Wawili, mmoja na faili kwapani, mwingine amesimama nyuma akiangalia uwanja kana kwamba anahesabu vitu. Huyo wa nyuma kazi yake ni kuangalia tu, na anaifanya vizuri.

Zungumza ukiwa ndani, mlango umefungwa, au toka nje ufunge nyuma yako. Mkusanya madeni wa kawaida ni mgeni asiyealikwa, hana haki ya kuingia kuliko muuza sabuni. Mwambie: "Kaka, naomba kitambulisho chako na barua iliyokutuma." Andika jina, kampuni, saa, namba ya gari. Kisha: "Mazungumzo ya deni nayafanya kwa maandishi. Naomba muondoke." Sema mara moja, rudia mara moja, nyamaza. Ukianza kujieleza umeshaanza kujadiliana.

Wataomba mambo mawili madogo. La kwanza ni maji ya kunywa, au kuingia "tukae tuongee kama watu wazima". La pili ni saini, "kuthibitisha tu kwamba tumefika". Usisaini. Karatasi hiyo inaweza kuwa na mstari wa kukiri deni katikati ya maneno madogo, na hata kama haina, huna wajibu wa kumthibitishia mtu safari yake. Wafundishe watoto na wote wa nyumbani jibu moja: hayupo wa kuzungumza nanyi, acheni barua.

Tofauti kubwa ni kama aliyefika ni ofisa au dalali wa mahakama. Huyu ana amri ya kukazia hukumu, yaani ya kuitekeleza, na ukimzuia kwa nguvu unajiingiza kwenye kosa jingine. Lakini hata yeye ana kanuni. Omba kuiona amri, linganisha jina, anwani, namba ya kesi na tarehe, piga simu masjala kuhakiki akiwa hapo hapo. England na Wales, ofisa wa utekelezaji anatakiwa kutoa notisi ya siku 7 kabla ya kufika, hufanya kazi kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku, na kwa madeni mengi ya kawaida hawezi kuvunja mlango katika ziara ya kwanza, ingawa anaweza kuingia kwa mlango ulioachwa wazi. Kanuni za kwenu zinaweza kutofautiana, ziulize masjala hiyo hiyo.

Si kila kitu huchukuliwa. Sheria za mwenendo wa madai za Kenya na Tanzania, kwa mfano, zinalinda mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, matandiko na zana za fundi. Kitu kisicho chako, kiwe cha dada yako au cha mwajiri, kiseme hapo hapo na uonyeshe risiti kama unayo. Kikichukuliwa hivyo hivyo, mwenye mali anaweza kuweka pingamizi mahakamani. Dai orodha iliyosainiwa ya kila walichobeba. Na kama hukuwahi kujua kuna kesi, muone wakili mara moja kuhusu kuomba hukumu ya upande mmoja iondolewe, maana maombi hayo yana muda wake.

Tahadhari moja: mkopo wenye dhamana, kama gari lililonunuliwa kwa mkopo, una njia yake. Mara nyingi mkataba na sheria humruhusu mkopeshaji kuchukua dhamana bila kufungua kesi ya kawaida. Soma mkataba huo kwanza kabla hujamfungia mtu geti kwa kujiamini.

Vitisho, simu na kuaibishwa

Katika nchi nyingi, kushindwa kulipa mkopo wa kawaida ni jambo la madai, si jinai, kwa hiyo "polisi wako njiani" huwa maneno ya kukutoa jasho. Kughushi nyaraka za mkopo au kutoa hundi isiyo na fedha ni mambo mengine.

Weka daftari la bughudha: tarehe, saa, namba iliyopiga, maneno yenyewe. Piga picha skrini ya meseji kabla hazijafutwa. Marekani, kwa kawaida mkusanyaji hatakiwi kupiga kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, na kupiga zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja huchukuliwa kuwa bughudha. Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, matusi, na kuwatumia meseji watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Ukishapata kurasa mbili za daftari, peleka malalamiko kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha kwa mdhibiti wake au mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi. Malalamiko yenye tarehe na saa husomwa. "Wananisumbua sana" huwekwa pembeni.

Hatua ya sita: kumbe deni ni lako

Basi lilipe, ila kwa mpangilio. Kodi ya nyumba, umeme, chakula na amri yoyote ya mahakama hutangulia. Anayepiga kelele zaidi mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kukudhuru, na watu wamefukuzwa nyumba walizopanga kwa sababu kodi ilikwenda kumnyamazisha mtu wa simu.

Andika mapato na matumizi ya mwezi, uone kinachobaki kwa kweli. Toa pendekezo la kiasi unachoweza kukilipa hata mwezi mbaya, ukiomba riba na adhabu zisimamishwe. Kama una fedha ya mkupuo, pendekeza kiasi pungufu kumaliza deni lote; ukikumbuka zile senti 4, utaelewa kwa nini wengine hukubali. Anza chini ya uwezo wako. Lakini usilipe hadi upate barua inayosema kwamba kiasi hicho kinafuta deni lote na baki halitadaiwa wala kuuzwa. Ahadi ya simu haina thamani, maana aliyeitoa huenda mwezi ujao hayupo kazini.

Lipa kwa njia inayoacha alama, kwenye akaunti ya kampuni, ukitaja namba ya kumbukumbu. Fedha taslimu mlangoni, hapana, hata wakitoa risiti. Na usimpe mtu ruhusa ya kukata akaunti yako moja kwa moja bila kikomo.

Ukimaliza, dai barua ya kumaliza deni, na baada ya muda hakikisha kumbukumbu za mikopo zimesahihishwa. Barua hiyo ikae na nyaraka ambazo huwa huzitupi. Deni lililofungwa huweza kuuzwa kimakosa kwenye robota jingine na kurudi kwa jina la kampuni mpya.

Lile langu lilikuja mara mbili. Kampuni ya kwanza, baada ya barua yangu, ilijibu kwa mistari miwili kwamba imefunga faili kwa sababu mdaiwa si mimi. Miezi kadhaa baadaye ikaja bahasha nyingine, kidirisha kile kile, ubini umekosewa herufi zile zile mbili, kampuni tofauti. Safari hii sikuketi kitandani kupiga hesabu. Nilitoa kopi ya ile barua ya mistari miwili, nikaibana na barua yangu ya kudai nyaraka, nikaenda posta. Risiti ya rejesta bado ninayo.